Je, mhariri wa sauti bado ana nafasi yake kwenye Oscar?

Mtazamaji Makini aliuliza:
Habari zenu wanajukwaa. Hadi sherehe za Oscar za mwaka 2020, sauti ilikuwa na vipengele viwili, uhariri na uchanganyaji. Tangu 2021 kimebaki kimoja tu, cha Sauti Bora. Naomba kueleweshwa: je, kazi ya mhariri bado inatambuliwa ipasavyo, au imemezwa na ya mchanganyaji?

Fundi Mitambo:
Ndugu, kwanza tutenganishe kazi zenyewe. Mhariri hutafuta, hutengeneza na kupanga kila mlio: nyayo kwenye changarawe, mlango unaofungwa, hata mazungumzo yaliyorekodiwa upya studioni baada ya yale ya awali kuharibiwa na upepo. Mchanganyaji huyapokea hayo yote pamoja na muziki, akaamua kipi kisikike zaidi na kipi kififie. Mwaka 2015 tofauti hiyo ilionekana wazi, kwani Whiplash, filamu ya kijana mpiga ngoma, ilishinda kwa uchanganyaji, ilhali American Sniper ilishinda kwa uhariri. Mwaka 2020 pia, 1917 ilichukua uchanganyaji na Ford v Ferrari ikachukua uhariri. Kwa utaratibu wa sasa, kundi moja lingeondoka mikono mitupu, nami naona hiyo si haki.

Binti wa Studio:
Uchungu wako nauelewa, kaka, lakini mipaka hiyo ilikwisha kufifia. Paul Ottosson alipata tuzo zote mbili mwaka 2010 kwa filamu moja, The Hurt Locker. Isitoshe, kuunganisha vipengele hakukumfuta mhariri: Sound of Metal iliposhinda 2021, tuzo hiyo moja ilikwenda kwa watu watano, akiwemo Nicolas Becker aliyesimamia uhariri.

Msikilizaji:
Dada, kutajwa miongoni mwa watano ni jambo jema, ila si sawa na kazi yako kupimwa peke yake. Kwenye Oscar, tawi la sauti la Akademi, yaani taasisi inayotoa tuzo hizo, ndilo huteua, lakini kura ya mwisho hupigwa na wanachama wote, wengi wao wakiwa hawajawahi kukaa mbele ya meza ya uhariri. Ndiyo maana mimi huzithamini zaidi tuzo za Golden Reel, zinazotolewa na Motion Picture Sound Editors, chama cha wahariri kilichoanzishwa Marekani mwaka 1953. Humo mazungumzo hushindanishwa kivyake, muziki kivyake, na milio pamoja na foli, yaani ile sauti inayoigizwa studioni mtu akiitazama picha, vivyo hivyo.

Akademi yenyewe ilikuwa na njia nyingine zamani, ya tuzo maalumu. Ben Burtt alipewa mwaka 1978 kwa sauti za viumbe na roboti wa Star Wars, na Kay Rose mwaka 1985 kwa uhariri wa The River. Ikiwa vipengele viwili havirudi, basi angalau njia hiyo irudishwe kwa mwaka ambao uhariri umepita kiwango cha kawaida.