Mdogo wangu ana lupasi, kaacha dawa kwa sababu uso umevimba. Tufanyeje?

Kaka_wa_Moro
Wakuu salaam. Mdogo wangu wa kike, miaka 26, alianza mwaka jana kuumwa vidole na magoti. Asubuhi hata kufunga kifungo hawezi mpaka jua lipande. Tukatibu malaria, tukatibu taifodi, tukaambiwa baridi yabisi. Baadaye nywele zikaanza kunyonyoka, vidonda mdomoni, na akikaa juani mashavu yanaiva kama yameungua, alama inavuka pua kama kipepeo. VVU kapimwa mara tatu, hana. Mwisho daktari bingwa akasema ni lupasi, kinga ya mwili inamshambulia yeye mwenyewe. Kapewa prednisoloni na haidroksiklorokwini. Maumivu yakatulia, ila uso ukawa mviringo, mtaani wanauliza ana mimba ya nani. Jana nimegundua ana wiki hajameza kidonge. Mama naye kaleta chupa ya mizizi "ya kuongeza kinga", elfu sabini. Nishaurini.

TibaAsilia_Halisi
Lupasi inapona siku 21. Njoo inboksi.

BintiWaKigogo
Huyo hapo juu mpuuze. Ninayo mwaka wa tisa, ingekuwa ya siku 21 ningeshaisahau.

Kinga ya mdogo wako haijapungua. Ni mgambo aliyeacha wezi akawa anawapiga wenye mtaa, sasa mama anataka kumwongezea rungu? Hizo dawa kazi yake ni kumtuliza.

Na prednisoloni HAIACHWI GHAFLA. Ukiitumia kwa wiki nyingi, mwili unaacha kujitengenezea homoni yake inayofanana na dawa hiyo. Ukikata tu, unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka mpaka ukazimia. Mrudisheni hospitali leo, daktari ndiye wa kupunguza dozi kidogo kidogo. Uso utarudi. Mimi waliniita andazi mwaka mzima, dozi iliposhuka andazi likanywea.

Haidroksiklorokwini ni ya safari ndefu, inaweza kuchukua wiki 6 hadi 12 kabla hajaona tofauti. Na ajikinge na jua: mikono mirefu, mwavuli, asione aibu.

Mzee wa Ilala
Hiyo klorokwini si ndiyo iliyokuwa inatuwasha mpaka tunajikuna kwa gunzi? Nilidhani serikali iliiacha 2001.

BintiWaKigogo
Shikamoo mzee. Iliachwa kwa malaria, na hii ni ndugu yake tu. Mimi haijaniwasha. Cha kuangalia ni macho: yapimwe mwanzoni, kisha kila daktari atakavyopanga, maana ikitumika miaka mingi inaweza kugusa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Kaka, mkojo umepimwa lini? Hakuna aliyeuliza na ndilo linalonitisha. Lupasi ikiingia kwenye figo haiumi. Mgonjwa anakuja miguu imevimba, mkojo una povu, presha iko juu, na figo zimeshaumia. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinaonyesha protini mapema. Akapime mkojo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na presha.

Mengine mawili. Akitaka kupata mtoto aseme mapema, maana dawa nyingine za lupasi, kama methotreksati na mikofenoleti, zinadhuru mimba, wakati haidroksiklorokwini kwa kawaida huendelea. Na siku akipimwa kaswende kwa VDRL ikasoma chanya, kipimo kirudiwe kwa njia nyingine. Lupasi inaweza kukidanganya. Nimeshuhudia ndoa ikiyumba kwa karatasi hiyo.

Kaka_wa_Moro
Mrejesho. Tumeenda, na mama tukamchukua. Daktari hakugomba, kamrudishia dawa. Kijiti kimesoma protini ++, kwa hiyo tunasubiri majibu ya figo, na amesema huenda akahitaji kipimo cha kukata kinyama cha figo. Mdogo wangu kalia kidogo. Mama hakusema neno, ila tulipofika stendi akashuka akamnunulia mwavuli.

Mzee wa Ilala
Na ile chupa?

Kaka_wa_Moro
Ipo juu ya kabati, mzee. Muuzaji hapokei simu.