Ushauri: Vipimo vya mdogo wangu vinasema anti-Sm na anti-RNP chanya. Tuanzie wapi?

Nyar Dunga (Kisumu)
Habari zenu wanajamvi. Mdogo wangu ana miaka 26, anaanika na kuuza omena hapa Dunga. Tangu mwaka jana vidole vinamvimba kila asubuhi hadi anashindwa kufungua kifuniko cha ndoo. Akishinda juani kwenye nyavu za kuanikia, mashavu yanatoka upele wa rangi ya zambarau unaovuka juu ya pua. Tulitibu malaria, tukatibu taifodi, tukarudia malaria. Mwishowe kliniki moja ikapeleka damu maabara. Majibu: ANA (kingamwili dhidi ya kiini cha seli) chanya 1:640, ya madoadoa, anti-Sm chanya, anti-U1 RNP chanya, anti-dsDNA (kingamwili dhidi ya DNA) hasi. Aliyetupa karatasi alisema tu kwamba kinga yake inashambulia mitambo ya jeni, tutafute pesa ya daktari bingwa.

Sasa mtoto wa watu ameshika kwamba jeni zake zimeharibika na hatazaa. Hali chakula vizuri tangu siku hiyo. Mwenye kujua anisaidie: anti-Sm ni nini, hii ni lupasi (ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe) au siyo, na tufanye nini wakati tunachanga hela?

Baba Ajuang'
Pole sana dada. Nami nafuatilia, shemeji yangu ana dalili kama hizo.

Mwalimu wa Bayolojia (Nakuru)
Pole Nyar Dunga. Mwambie leo hii: karatasi hiyo haisemi kwamba jeni zake zimeharibika.

Jeni inaponakiliwa kuwa RNA ndani ya kiini cha seli, nakala ya kwanza huwa na vipande vya ziada, introni, katikati ya vipande vyenye maagizo ya protini, eksoni. Introni lazima zikatwe na eksoni ziungwe, bila kukosea hata herufi moja. Kazi hiyo inafanywa na chembe ziitwazo snRNP: kila moja ni RNA fupi iliyoshikana na protini. Kubwa ni U1, U2, U4, U5 na U6. U1 hushika mwanzo wa introni, U2 hushika karibu na mwisho wake, kisha wenzao hujiunga na kukata kunafanyika. Katika U1, U2, U4 na U5, RNA imezungukwa na pete ya protini saba, na hizo ndizo protini za Sm. Madoadoa mliyoandikiwa ni kingamwili zake zilivyong'aa kwenye viini vya seli chini ya darubini.

Kwa hiyo anti-Sm ni kingamwili dhidi ya protini za Sm, na anti-U1 RNP ni dhidi ya protini za chembe ya U1: kinga yake imezichukulia protini hizo kama adui. Kiwanda chenyewe ndani ya seli kinaendelea na kazi. Madhara makubwa huja pale kingamwili zinaposhikana na mabaki ya seli zilizokufa, mashada hayo yakatua kwenye figo, ngozi na viungo na kuwasha uvimbe.

Na hili nalisema kwa heshima kubwa kwa wagonjwa: mwaka 1977 wanasayansi waligundua kwamba jeni zimegawanyika vipande, eksoni na introni, lakini nani anayeunga nakala zake hakujulikana. Michael Lerner na Joan Steitz wa Chuo Kikuu cha Yale walichukua damu ya wagonjwa wa lupasi, yenye kingamwili hizihizi za mdogo wako, wakazitumia kunasa chembe hizo kutoka kwenye seli. Walichapisha mwaka 1979, na mwaka 1980 wakapendekeza kwamba U1 inahusika na kuunga. Sehemu ya bayolojia tunayofundisha leo imetoka kwenye damu kama yake.

Mjomba wa Njoro
Mwalimu, mtoto wa dada yangu ana SMA, misuli inalegea. Daktari naye alitaja snRNP. Ni ugonjwa mmoja?

Mwalimu wa Bayolojia (Nakuru)
Hapana, ila ni jirani. SMA ni ya kurithi: jeni ya SMN1 imekosekana au ina kasoro. Protini ya SMN ndiyo inayosaidia kuivisha RNA ile pete ya Sm. Ikipungua, neva zinazoendesha misuli huumia kwanza. Tuna jeni ya akiba, SMN2, lakini eksoni yake ya 7 mara nyingi huachwa wakati wa kuunga, hivyo protini nzima inayotoka ni kidogo. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, hufanya eksoni hiyo isiachwe. Bei yake ni mlima, najua.

Tiba Asili Mumias
Mchemshie mwarobaini wiki mbili, achana na dawa za hospitali.

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Usiache hospitali, tafadhali. Lupasi ya figo haiumi mpaka imeshaharibu. Nyar Dunga, hela ndogo mliyo nayo itumieni hivi: pima mkojo kuangalia protini na damu, kreatinini (kipimo cha damu cha figo), presha na hesabu kamili ya damu. Miguu au macho yakivimba, au mkojo ukitoa povu jingi, msingoje.

Kuhusu jina la ugonjwa: anti-Sm ni ya lupasi karibu peke yake, ingawa wagonjwa wengi wa lupasi hawana. Kwenye vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019, ANA ikiwa chanya, anti-Sm ni alama 6 na viungo kuvimba ni alama 6. Kiwango cha kuhesabiwa lupasi ni 10. Lakini daktari lazima amguse na kumpima, karatasi peke yake haitoshi. Anti-U1 RNP ikiwa juu sana huonekana pia kwenye ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi, kwa hiyo muulize mdogo wako: vidole hubadilika kuwa vyeupe asubuhi ya baridi? Anakosa pumzi akipanda mlima? Kama ndiyo, aombewe picha ya moyo.

Msingoje bingwa wa Nairobi. Nendeni Hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, kliniki ya magonjwa ya ndani, na karatasi hiyo. Ulizeni kuhusu dawa ya lupasi iitwayo haidroksiklorokwini. Hufanya kazi polepole, miezi kadhaa, na macho yakaguliwe. Dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki aache, zinaumiza figo. Omena aanike alfajiri, avae kofia pana na mikono mirefu.

Nyar Dunga (Kisumu)
Asanteni sana, nimemsomea yote. Vidole vinabadilika, kweli, akitoka ziwani. Ameuliza jambo moja tu: atazaa?

Nesi Mstaafu (Kakamega)
Wengi wanazaa. Apange ujauzito ugonjwa ukiwa umetulia kama miezi 6, na figo ziko sawa. Haidroksiklorokwini huendelea hata akiwa mjamzito, lakini dawa nyingine za lupasi hudhuru mimba, kwa hiyo asishike mimba kabla ya kuongea na daktari. Aombe pia kipimo cha anti-Ro, kingamwili nyingine, maana hiyo ndiyo huweza kugusa moyo wa mtoto tumboni. Mkojo upimwe wiki hii.