Siku moja kutoka Yokohama: Fuji kwa basi la kikundi, Nikko na muongozaji, au Kamakura wenyewe?

Baba_Kigamboni
Wakuu habari zenu, naomba mnisaidie kuchagua maana nimesoma mitandaoni mpaka kichwa kinauma. Niko Yokohama kwa mambo ya magari na safari hii nimekuja na mke wangu na mama mzazi, tuna siku moja tu iko huru, Jumamosi ya mwisho wa Novemba, nataka tutoke nje ya mji kabisa siyo kuzunguka maduka. Mama ana miaka 67, kwenye tambarare anatembea bila shida ila ngazi zinamtesa magoti, na Kiingereza hajui.

Nimebaki na hizi:

Fuji kwa basi la kikundi, linatoka Shinjuku kule Tokyo saa mbili asubuhi linarudi kama saa moja usiku, yen 12,000 kila kichwa bila chakula. Linapita pagoda ya Chureito, mabwawa ya Oshino Hakkai, ziwa Kawaguchi halafu linamalizia kwenye maduka ya Gotemba.

Nikko, basi pia na muongozaji wa Kiingereza, bei inazidi kidogo. Hekalu la Toshogu, maporomoko ya Kegon, ziwa Chuzenji.

Kamakura, tunaenda wenyewe na treni, hakuna muongozaji.

Mama anataka mlima, mke anataka mahekalu, mimi nataka tu wote warudi wameona kitu na hawajachoka vibaya. Mnashauri nini?

Nyota_ya_Saitama
Karibu mkuu. Mimi niko huku miaka mingi na wageni nawapokea sana, ushauri wangu kabla ya kuangalia picha jiulize huyo muongozaji unamlipa akufanyie nini hasa, maana hizo sehemu tatu hazifanani kabisa.

Fuji unalipia basi. Vile vituo vimekaa mbalimbali, mabasi ya kawaida ya kule yanapita kwa nafasi na wikiendi yanajaa, kwa hiyo ukienda mwenyewe na mzee nusu ya siku inaishia kusubiri kituoni. Maelezo ya muongozaji pale ni ya dakika kumi tu, mlima unajieleza.

Kamakura hulipii kitu, na wewe uko Yokohama! Treni ya JR ni kama dakika 25 tu mpaka pale. Buddha mkubwa wa shaba, urefu wa mita 11 na ushee, amekaa nje juani tangu karne ya 15 mawimbi yalipobeba jengo lake, mnamwona mnapiga picha, mnapanda kale katreni ka Enoden kanakopita karibu na bahari, basi. Kulipa ziara ya kwenda Kamakura wakati unalala Yokohama ni kutupa hela.

Nikko ndo unalipia maneno, na maneno yenyewe yana thamani. Pale ndipo alipozikwa Tokugawa Ieyasu aliyefariki 1616, mjukuu wake Iemitsu akaja kulijenga upya likakamilika 1636, na kila ubao una habari. Watu wanakimbilia wale nyani watatu wa kuziba macho, masikio na mdomo, wanapiga picha wanaondoka, hawajui kwamba lile ni banda la farasi mtakatifu na nyani waliochongwa pale jumla ni 16 kwenye vibao vinane, vinasimulia maisha ya mtu toka utotoni mama anapomwangalia mtoto ajue kesho yake itakuwaje, mpaka anakuwa mkubwa, anapenda, anavunjika moyo, anaoa. Wale watatu ni kibao kimoja tu, cha utoto, kwamba mtoto asione baya asisikie baya asiseme baya. Halafu lango la Yomeimon lina michongo zaidi ya 500 na nguzo 12, moja wameichonga nakshi yake juu chini makusudi, kwamba kitu kikikamilika ndo kinaanza kuharibika. Nani atakuonyesha hiyo nguzo ukiwa peke yako? Kuna na ukumbi una joka darini, mtu wa hekalu anagonga vijiti viwili chini ya kichwa cha joka unasikia mlio unatetemeka kama kengele, akisogea pembeni akagonga tena hausikii. Mimi kila mgeni anayependa historia namwambia Nikko, na namwambia achukue muongozaji.

Lakini kwa mama yako hapana. Ngazi za mawe za kupanda mpaka kaburini peke yake ni 207, na hata bila hizo bado ngazi zipo za kutosha.

Mkimbiaji254
Boss hapo kwa Nikko nakubali na naongeza, mwisho wa Novemba kule juu Chuzenji majani mekundu yashaanguka zamani, ziwa liko kama mita 1,269 juu ya bahari, baridi inauma. Na barabara ya Irohazaka ina kona 48 ukihesabu ya kupanda na ya kushuka, kama mathe hutapika kwa gari usijaribu.

Mimi naenda na Fuji lakini sikiza hii kwanza. Fuji ni kama Kili vile huwa inaonekana ukiwa Loitokitok, asubuhi mapema iko wazi umependa, saa tano ikifika imejifunika na wingu huioni tena. Msimu wa joto ndio mbaya zaidi. Novemba kwenda Februari ndio poa, hewa ni kavu, kwa hivyo tarehe yako ni nzuri. Na theluji juu kawaida inakuwa ishaanguka, ingawa 2024 ilichelewa mpaka Novemba 7, haijawahi chelewa hivyo tangu waanze kurekodi 1894.

Sasa venye hao wa mabasi wanafanya: mlima ukikataa kuonekana pesa hairudi. Hiyo si sababu ya kurudishiwa, wanaandika wazi. Kwa hivyo tafuta kampuni inakubali kughairi mpaka siku moja kabla, uangalie utabiri Alhamisi usiku, Ijumaa asubuhi unaamua.

Jambo lingine ni Jumamosi. Kurudi Tokyo jioni kwa barabara ya Chuo kuna jamu pale tunnel ya Kobotoke, ni maarufu nchi yote hata redio huitaja. Wakikuandikia saa moja usiku wewe hesabu saa mbili au tatu. Usipange chakula cha jioni na mtu. Ungeweza kuhamisha iwe siku ya kazi ningekuambia hamisha leo leo.

BintiUnguja
Kaka mimi nazungumzia mambo ambayo wanaume hamuyaangalii. Mama wa watu anakaa ndani ya basi asubuhi mpaka usiku. Mabasi mengi ya hizi ziara hayana choo, yanasimama kwenye vituo vya barabara kuu, vyoo visafi mno huwezi amini, lakini yanasimama dakika 10 au 15 na ikitajwa dakika ni dakika kweli. Watu wameshaachwa, basi limeondoka, na hakuna ugomvi kwa sababu walishaambiwa. Kwa hiyo mke wako ashuke naye, wewe bakia mlangoni karibu na muongozaji akuone kwamba bado mko watatu.

Chakula sasa. Kama mnakula halali usikubali kifurushi cha chakula cha mchana mpaka uulize kwa maandishi. Kule Kawaguchi chakula chao maarufu ni hoto, tambi nene na maboga kwenye supu ya miso, kinapendeza na baridi ile, ila uliza supu imetengenezwa na nini na kama imewekwa nyama ya nguruwe. Mimi nabeba vyangu. Onigiri (matonge ya wali) za dukani chagua kwa kusoma karatasi, herufi ya nguruwe ni 豚 na ya pombe ni 酒, zihifadhi kwenye simu ulinganishe, maana hata mchuzi wa soya au samaki unaweza kutiwa pombe ya kupikia. Chai ya moto weka kwenye chupa. Na chukua mfuko wa taka, mapipa barabarani hakuna, utatembea na maganda siku nzima.

Ile Chureito ifute kabisa kwa mama, ngazi ni 398. Ipo njia ya mteremko pembeni lakini ni ndefu na basi linakupa muda mdogo, atapanda anahema, akifika juu muda umekwisha.

Treni_Tu
Naona wote mnasifia mabasi, mimi napinga. Mtu yuko Yokohama halafu mnamwamsha saa kumi na moja alfajiri aende Shinjuku kupanda basi linalorudi upande uleule aliotoka? Hakone je? Mbona hajaiweka kwenye orodha. Kutoka Yokohama anapanda treni ya Tokaido mpaka Odawara, kama saa moja, pale ananunua Hakone Freepass na hiyo pasi inabeba treni ya mlimani, kamba ya angani (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya), meli ya ziwa Ashi na mabasi, kila kitu. Mama hapandi ngazi nyingi, anakaa tu anabebwa, anapita juu ya Owakudani anaona moshi wa volkano unatoka ardhini, anakula yai jeusi lililochemshwa kwenye maji ya salfa wanasema linaongeza miaka saba ya maisha, halafu anaingia melini na hali ikiwa nzuri Fuji anaiona kutoka ziwani. Mlima kaupata, na hekalu la mke lipo ukingoni mwa ziwa na lango lake jekundu limesimama majini. Nyote watatu mmeridhika na hamjafuata bendera ya muongozaji.

Nyota_ya_Saitama
@Treni_Tu Hakone naipenda sana na siku ya kazi ningekuunga mkono bila kubisha. Lakini hii ni Jumamosi ya Novemba, foleni ya kamba ya angani unasimama muda mrefu na mzee hana pa kukaa, na upepo ukizidi au gesi ikipanda wanafunga, mnabebwa na mabasi ya akiba yamejaa. Tena pale Owakudani wameweka onyo kabisa, mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asishuke kwa sababu ya ile gesi. @Baba_Kigamboni mama ana pumu?

Mkimbiaji254
Na mwenye atasoma hii akipanga Januari, tarehe 2 na 3 usiende Hakone kwa basi. Ndio siku za Hakone Ekiden, mbio za vyuo kutoka Otemachi Tokyo mpaka ziwa Ashi na kurudi, zaidi ya kilomita 200, barabara zinafungwa. Vijana wetu wa Kenya wako hapo tangu 1989 Joseph Otwori alipokimbilia chuo cha Yamanashi Gakuin. Hiyo siku simama kando ya barabara ushangilie, ni bure na hakuna ziara inaishinda.

Baba_Kigamboni
Aisee asanteni sana, sikutegemea msaada mkubwa hivi. Mama pumu anayo kweli, siyo kali ila anayo, kwa hiyo Owakudani imetoka. Sasa kuna ziara nyingine ya Fuji nimeiona haina Chureito, inaenda bustani ya Oishi pale ziwani, Oshino Hakkai na kituo cha tano cha mlima. Bei ileile. Wameandika "muongozaji mwenye leseni" na lugha Kiingereza na Kichina. Hiyo vipi?

Nyota_ya_Saitama
Hiyo bora zaidi. Oishi ni tambarare, maji na mlima mbele, mama anakaa benchi anautazama mpaka aridhike. Oshino pia hakuna ngazi za maana, yale mabwawa manane yanatokana na maji ya theluji ya Fuji yaliyochujwa chini ya ardhi, ni masafi unaona samaki mpaka chini. Kituo cha tano kipo mita 2,300 na kitu, theluji ikianguka barabara inafungwa, waulize siku hiyo wanawapeleka wapi badala yake na wakujibu kwa maandishi.

Leseni: zamani kwa sheria ya 1949 asiye na leseni haruhusiwi kuongoza wageni kwa malipo, toka Januari 2018 yeyote anaruhusiwa ila asijiite mwenye leseni kama hana. Mtihani wake ni mgumu kwa hiyo wenye nayo kwa kawaida wanajua wanachosema. Lugha mbili kwenye basi moja ndo uangalie, kila maelezo yanasemwa mara mbili na wewe tena umtafsirie mama. Kaeni mbele. Maelezo ya muhimu msomee mama usiku wa kuamkia safari, mkifika yeye anatazama tu.

BintiUnguja
Na mke usimsahau. Siku ya kuondoka ndege yenu saa ngapi? Kama ni usiku, asubuhi mizigo iacheni hotelini mpelekeni Kamakura, mchana mmesharudi. Kuna wanafunzi wa kujitolea wanaoongoza wageni bila malipo, mnawalipia nauli, kiingilio na chakula tu, ila waandikie mapema wiki kama mbili kabla.

Baba_Kigamboni
Ndege ni saa nne usiku kutoka Haneda! Basi imekwisha hiyo, Fuji Jumamosi bila Chureito, Kamakura asubuhi ya kuondoka, Nikko tutaifuata mimi na mke siku nyingine. Ijumaa asubuhi naangalia utabiri ndo nilipie. Kuna kitu nimeacha?

Treni_Tu
Shinjuku. Stesheni ina milango zaidi ya 200, na "tukutane Shinjuku" haina maana yoyote mpaka wakupe jina la mlango au jengo. Vikundi vingi vinakusanyika upande wa magharibi. Panda ile treni ya Shonan-Shinjuku, kama nusu saa toka Yokohama haina kubadilisha, na ufike nusu saa kabla ya muda wao. Jua mwisho wa Novemba linazama kama saa kumi na nusu, kwa hiyo picha zote za mlima pigeni mapema, mkifika Oishi msianze na duka.