Krismasi napika coq au vin (kuku wa kupikwa kwenye mvinyo mwekundu), mama mkwe yuko mezani. Nisaidieni

MkeWaDijon: Habari za humu. Nimeolewa Dijon, Ufaransa, huu mwaka wa tatu. Kimbelembele changu kimeniponza: nimemwambia mama mkwe coq au vin ya Krismasi nitapika mimi, watu wanane. Juzi nimejaribu. Kuku wa supamaketi nikamlaza kwenye mvinyo usiku kucha, nikampika saa mbili na nusu. Kifua kikawa nyuzi za katani, mchuzi mwepesi kama chai ya rangi, tena wa zambarau! Mume wangu akala kimya, na kimya chake nakijua. Halafu mume wa wifi yangu ni Mwislamu. Mvinyo si unaisha wote ukichemka?

KisuButu: Dada, coq ni jogoo. Wakulima wa huko kwenu mkoa wa Bourgogne walikuwa na jogoo mzee, mgumu kama wale wa Singida wanaokula mkaa gunia zima, ndiyo maana ya mvinyo na saa zote hizo. Kuku wa supamaketi ni mtoto, umemwonea tu. Nenda soko la Les Halles asubuhi, agiza jogoo mapema. Ukimkosa chukua mapaja matupu, saa moja inatosha.

Pwagu_wa_Jikoni: Mpikie pilau yaishe.

MamaSufuria: Achana na Pwagu. Ukimtoa kuku kwenye mvinyo, mfute akauke kabisa, vinginevyo atachemka badala ya kukaangika. Mkaange awe kahawia kwelikweli. Rangi ya mchuzi inaanzia hapo. Mvinyo uchemshe kwanza peke yake, weka na kijiko cha nyanya ya kopo, zambarau itapungua. Akiiva mtoe, mchuzi uache uchemke upungue, kisha kanda siagi na unga wa ngano kiasi sawa, dondoshea kidogokidogo huku unakoroga. Uyoga na vitunguu vidogo kaanga pembeni, viingie mwisho. Na pika tarehe 24, kesho yake kinakuwa kitamu zaidi.

BintiMakadara: Hauishi wote, hata ukichemka saa mbili. Na hata ungeisha, umeshapikia mvinyo, na bekoni ndani yake ni nguruwe. Usimfiche shemeji wa watu. Mtengenezee poule au pot: kuku wa halali mzima, karoti, liki, viazi, vinachemka taratibu sufuria yake mbali. Ni chakula cha Kifaransa hasa, Wafaransa wanakihusisha na mfalme Henri IV, hakuna atakayesema mgeni kapewa cha mgonjwa.

MkeWaDijon: Asanteni. Jogoo nimeagiza, kilo tatu. Muuzaji hakuuliza napika nini, aliuliza tu ni ya watu wangapi. Mama mkwe naye kasikia habari ya poule au pot, kasema hiyo niiache, ataipika mwenyewe. Pwagu, pilau ni mwaka mpya.