Tangi jipya la maji ya chumvi: mchanga umekuwa kahawia na nyuzi za kijani zimeanza, nifanyeje?

Chumvi_Kiasi:
Wakuu habari zenu. Tangi langu halijafikisha hata miezi miwili, amonia na nitriti zilishashuka zikawa sifuri, ndani kuna samaki wawili wadogo tu. Shida ni kwamba mchanga wote umepakwa kama unga wa kahawia, nikiukoroga unapotea ila kesho yake umerudi vilevile, na sasa juu ya mawe naona nyuzi za kijani zinapepea pale pampu inaposukuma. Nimepima nitreti na fosfeti zote zinasoma 0, sasa haya madude yanakula nini?? Maji ni ya bomba nimeyatia dawa ya kuondoa klorini, taa inawaka toka asubuhi mpaka nalala. Kuna mtu kanishauri nimwage dawa ya kuua mwani, mnasemaje?

KonokonoMzee:
Dawa weka pembeni kwanza mkuu. Huo unga ni diatomu, vimwani vidogo sana vya kahawia, matangi mapya mengi yanaupitia, zinajenga ganda lao kwa silika na silika inakuja na maji yako ya bomba, mchanga mpya nao unachangia kidogo, ikipungua zinajiondokea zenyewe. Tumia maji ya RO/DI, yaani yaliyosafishwa kwa mashine ya kuchuja mpaka madini yote yatoke, kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0, na hata yale ya kufidia yanayopotea kwa mvuke yawe hayohayo, maana watu wengi hapo ndo wanajisahau.

Nyuzi za kijani ni kesi nyingine. Kusoma 0 sio kwamba chakula hamna, mwani umeshakinywa kabla wewe hujachota maji ya kupima, na mawe makavu yanaweza kuwa na fosfeti ndani yanaiachia polepole kwa miezi. Zing'oe kwa mkono. Jiwe likitoka lisugue kwa mswaki mpya kwenye ndoo yenye maji uliyotoa tangini (usilisugulie bombani, klorini itakuulia bakteria), vipande vinavyoelea vivute kwa mpira wa maji, ukiviacha vinakwenda kuota kwingine. Taa kuwaka kwa muda wa saa 8 kwa siku inatosha, kwa sasa hata 6.

Dagaa_Tata:
Naongezea kabla hujakimbilia vitu vya kunyonya fosfeti. Hizo sifuri mbili mimi zinanipa wasiwasi. Angalia vizuri huo ukahawia, kama ni ute unaovutika kama makamasi, umebeba vipovu vya hewa, mchana unajaa usiku unapungua, hizo zinaweza kuwa dainoflageti, vijidudu vingine vya majini vinavyofanana na mwani, na zenyewe zinapenda sana tangi lisilo na nitreti wala fosfeti kwa sababu hakuna wa kushindana nazo, ukizidi kusafisha maji ndo unazipalilia. Chukua kidogo weka kwenye chupa, tikisa kwelikweli, chuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa halafu yale maji yaache kwenye mwanga kama saa moja. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi ujue ndo zenyewe, na usilete konokono wa kula mwani maana kuna aina za dainoflageti zina sumu.

Chumvi_Kiasi:
Nimefanya hiyo ya chupa, maji yamebaki meupe tu hakuna kilichojikusanya. Basi ni diatomu eeh? Konokono nilete wangapi sasa, na maji ya bomba yaliyomo niyatoe yote?

KonokonoMzee:
Usitoe yote bana utawashtua samaki. Badilisha asilimia 10 mpaka 15 kila wiki kwa maji mapya ya RO/DI, chumvi na joto vilingane na vya tangini.

Konokono anza na wachache, mwani ukiisha watakufa njaa wakuchafulie maji upya. Chukua aina ya trochus, ile ya astrea akipinduka mchangani mara nyingi hawezi kujigeuza kwahiyo kila asubuhi kazi inakuwa yako. Nyuzi ndefu wanazipita tu, ng'oa kwanza wao wale vishina. Na dawa yoyote yenye shaba isiguse hilo tangi, inawamaliza.

Dagaa_Tata:
Chakula cha barafu kiyeyushe, yale maji yake mwaga usimimine tangini. Na baadaye ukiona utando mwekundu unaobanduka kama ngozi, huo sio mwani ni sianobakteria, vuta kwa mpira na elekeza pampu pale maji yanapolala.

Chumvi_Kiasi:
Poa wakuu, taa nimeshaipunguza, mswaki nao nimenunua.