Nyegere na kicheche mbona hawajifichi?

mdadisi_wa_pori: Wakuu kuna kitu kinanisumbua. Swala ana rangi ya nyasi, sungura wa udongo, sasa kicheche na nyegere weusi kwa weupe unawaona toka mbali, si wanajiitia kifo hao? Na kama ni rangi ya onyo mbona si nyekundu au njano kama vyura wenye sumu?

Bobu: Ndo anataka aonekane mkuu. Kicheche ukimbana anakugeuzia mgongo anakurushia maji ya tezi za chini ya mkia, harufu yake we acha, na skanki wa Marekani ndo balaa zaidi, anafikisha mita 3 na yakiingia machoni huoni kwa muda. Mnyama aliyepata hiyo dozi siku moja akiiona ile michirizi tena anapita kando, na kicheche naye hajapoteza maji yake maana yakiisha kujaa tena ni siku kadhaa.

mama_nungu: Kuhusu nyekundu, wanaowawinda hawa ni mbwa mwitu, fisi, chui, macho yao nyekundu na kijani hayatofautishi vizuri, afu wengi wanatembea usiku. Gizani nyekundu ni kama nyeusi tu, ila nyeupe juu ya nyeusi inaonekana hata kwa mbalamwezi. Muangalie nyegere, wanyama wengi mgongoni weusi tumboni weupe, yeye kageuza kabisa. Nungunungu ndo kaongeza na sauti, anatikisa miiba ya mkia inalia kama njuga.

mdadisi_wa_pori: Mbona simba anamla nungunungu sasa?

mama_nungu: Onyo si ngao ndugu yangu, anamla akiwa na njaa na wengine wanabaki na miiba mdomoni mpaka wanashindwa kuwinda. Skanki naye analiwa na bundi.

Bobu: Kiboko yao ni yule panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu, yeye anatafuna gome la msunguti, ule ule wa sumu ya mishale, anajipaka kwenye nywele za ubavuni, ukimchokoza anazifunua michirizi inatokea, mbwa akimng'ata anaweza kufa hapo hapo.

mdadisi_wa_pori: Duh. Na mtoto wa duma ana manyoya meupe mgongoni kama nyegere, naye ana nini?

Bobu: Hana kitu huyo 😂 kuna wataalamu wanasema anamuigiza nyegere tu, wakimshtukia kaliwa.