Nimekabidhiwa kitengo cha elimu maalumu: nisomee fani ipi, na je, semina inatosha?

Mwalimu wa Kitengo (swali)

Ndugu walimu, naomba ushauri wenu. Nina cheti cha ualimu cha Daraja la III A, na kwa miaka saba nimefundisha darasa la kwanza na la pili. Mwezi uliopita, baada ya mwenzetu kustaafu, mwalimu mkuu alinikabidhi kitengo chenye wanafunzi 14 katika chumba kimoja. Rejesta inaonyesha kwamba tisa wana ulemavu wa akili, wanne ni viziwi, na mmoja haoni. Huyo wa mwisho ana mashine ya nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, ambayo mimi sijui hata karatasi inaingizwaje, na hunionyesha yeye. Nilihudhuria semina ya siku tano, nikapewa cheti, na tangu siku hiyo ofisini ninaitwa mtaalamu. Nataka kuomba ruhusa ya masomo. Je, kuna mafunzo yatakayoniwezesha kuwahudumia wote, au ni lazima nichague?

Mkufunzi Mstaafu

Mwalimu, ni lazima uchague, na ni vema umeuliza kabla ya kujaza fomu. Katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, ambacho ni chuo cha serikali kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, mwanachuo hujikita katika ulemavu wa akili, wa kusikia au wa kuona, na aliyebobea katika mmoja hawi mtaalamu wa mwingine, kama vile fundi cherehani hawi fundi viatu kwa sababu tu wote wawili hushika sindano. Wanaotafuta shahada wanaweza kuipata vyuo vikuu, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dodoma, ila kwa mwalimu wa msingi aliye kazini mimi ningeanza na stashahada, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya mikono.

Nasema kazi ya mikono kwa makusudi. Chukua nukta nundu: ni nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, zikihesabiwa kutoka juu kwenda chini: 1 hadi 3 kushoto, 4 hadi 6 kulia. Herufi e ni nukta ya 1 na ya 5; herufi i ni ya 2 na ya 4; moja ni sura ya mwenzake kwenye kioo, na ndivyo ilivyo kwa d na f, na kwa h na j. Mtoto anayetumia kibao cha mkono hutoboa karatasi kutoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza ndipo asome, kwa hiyo anapoandika kila herufi inakuwa kinyume. Niliwahi kumwona mwalimu mwenye cheti cha semina akimkosoa mtoto kwamba ameandika "pimbi" badala ya "pembe". Mtoto alikuwa sahihi. Hakubisha, alifuta tu, na hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe. Kuitambua e na i bila kusita hakupatikani kwa siku tano, kunahitaji miezi ya mazoezi.

Mwalimu wa Viziwi, Tanga

Shikamoo mkufunzi. Nakubaliana nawe kuhusu kuchagua, lakini naongeza jambo ambalo chuo hakikunimalizia. Nilitoka chuoni nikiwa na alama nzuri na msamiati wa kutosha, nikaingia darasani nikipanga ishara moja moja kwa mfuatano wa maneno ya Kiswahili, na wanafunzi wakanitazama kwa huruma. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni: nyusi zako zisipobadilika, swali lako linaweza kuonekana taarifa. Walionifundisha kweli ni viziwi watu wazima, kwa hiyo ulizia kama wilayani kwako wapo wanachama wa CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania. Wakati unasubiri ruhusa, wapange hao wanne nusu duara ili waonane, na usizungumze huku umegeukia ubao.

Tena, usiiamini rejesta moja kwa moja. Katika kitengo nilichopangiwa mwanzo alikuwapo binti aliyeandikwa kuwa na ulemavu wa akili, akakaa miaka miwili akipanga vizibo vya soda kwa rangi. Alipopimwa, ikabainika kwamba alikuwa hasikii vizuri. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hapakuwa na mtu aliyefundishwa kutofautisha.

Msomaji kutoka Nairobi

Kwa upande wa Kenya, mafunzo haya hutolewa na KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa mwaka 1986 na ambayo iko Kasarani. Walimu wengi walio kazini wamesomea huko diploma kwa njia ya masafa, wakihudhuria vipindi vya ana kwa ana wakati wa likizo, na faida yake ni kwamba darasa halibaki bila mwalimu. Hata vituo vya kupima watoto tulivianza mapema zaidi, mwaka 1984, kwa sababu hiyohiyo aliyoitaja mwalimu wa Tanga. Ila lugha ya alama ya kwetu si ile ya kwenu, kwa hiyo sikushauri uvuke mpaka kwa ajili ya fani ya viziwi.

Mwalimu wa Kitengo

Nawashukuru sana. Nitaomba fani ya ulemavu wa akili, kwa kuwa ndio wengi, na nitamwandikia afisa elimu maalumu wa halmashauri ili watoto wote 14 wapimwe upya kabla sijaondoka.

Mkufunzi, naomba jambo moja zaidi. Nina mvulana wa miaka kumi ambaye hawezi kufunga vifungo vya shati, na kila ninapomwonyesha tangu mwanzo huchoka na kulia. Nianzie wapi?

Mkufunzi Mstaafu

Anzia mwisho. Pitisha kifungo tunduni wewe mwenyewe hadi nusu yake ijitokeze, kisha mwachie yeye akivute tu, ili kila mara yeye ndiye anayemaliza. Akizoea, mwachie hatua mbili za mwisho, halafu tatu. Tumia shati kuukuu lenye vifungo vikubwa, likiwa limelazwa mezani, kabla ya kumvalisha.